Sampuli Zilitoka Kijijini, Majibu Nayo Yarudi Kijijini

Mwalimu wa darasa la kwanza huko Ngarenanyuki au Maji ya Chai hahitaji maabara ili ajue kwamba maji ya eneo lake yana kasoro. Mtoto wa miaka 6 au 7 hung'oka meno ya utotoni, na yale ya ukubwani yanapochomoza huja na madoa meupe kama chokaa, au rangi ya manjano, au ya kahawia iliyokoza. Mtoto huyo hakuzembea kupiga mswaki. Kasoro iliingia katika jino miaka kadhaa kabla halijaonekana, lilipokuwa bado linajengwa ndani ya ufizi, na iliingia kwa maji aliyokunywa na uji aliopikiwa. Mwalimu anapoiona, jino limekwisha kuharibika, na hakuna mswaki wala dawa ya kulirudisha katika hali yake.

Chanzo chake kinajulikana. Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana madini ya floraidi. Mvua inyeshayo mlimani hupenya ardhini, na kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya miamba hiyo ndivyo yanavyozidi kubeba floraidi. Ndiyo sababu chemchemi za juu, upande wa kusini, mara nyingi huwa na afadhali, wakati maji ya chini na yale ya upande wa kaskazini huwa mabaya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Upande wa Ngarenanyuki vipo vyanzo vilivyopimwa vikakutwa na zaidi ya mara 10 ya kiwango hicho. Kwa mtu anayeyanywa maji ya namna hiyo tangu utoto hadi ukubwani, madhara hayaishii kwenye meno. Mifupa hukakamaa, viungo huuma, na wako watoto ambao miguu yao hupinda kiasi cha kuwafanya watembee kwa taabu.

Hayo yote yamepatikana kwa utafiti, na sehemu kubwa ya utafiti huo imefanywa karibu kabisa na wanaoumia. Katika barabara ya kwenda Moshi, kilomita chache tu kabla ya kufika Maji ya Chai, ipo Tengeru, na Tengeru ndipo ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Taasisi hiyo, ambayo ni chuo kikuu cha umma, ilianzishwa mwaka 2009, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, na ikazinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete mwezi Novemba, 2012. Kazi yake ni kufundisha shahada za uzamili na za uzamivu, yaani kazi yake ni utafiti, na katika kauli mbiu yake imejitangaza kuwa ni elimu ya juu kwa ajili ya jamii na viwanda. Maji, nishati, vifaa, mazingira, viumbe hai na chakula vyote vimo katika masomo yake, na vituo viwili kati ya vinne vya umahiri ambavyo Tanzania ilivipata katika mpango wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kusini unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia viliwekwa hapo, kimoja cha maji na nishati na kingine cha chakula na lishe.

Matunda yamepatikana. Wanafunzi na walimu wake wamepima visima, chemchemi na mito kuuzunguka Mlima Meru, wakachora ramani za mahali floraidi inapozidi na mahali inapopungua. Kati ya mwaka 2016 na 2019 taasisi hiyo ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, pamoja na watafiti wa Kenya na Ethiopia, katika mradi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya kuhusu floraidi katika Bonde la Ufa, na miteremko ya Meru ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Mwaka 2015 mhadhiri wake, Dk. Askwar Hilonga, alipata tuzo ya kwanza kabisa ya uhandisi kwa Afrika iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa sababu ya chujio alilolibuni ambalo huunganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kulingana na uchafu uliomo katika maji ya mahali husika. Mtu anayedhani kwamba Waafrika hawawezi sayansi aende Tengeru akaone.

Lakini inafaa kuuliza mazao hayo yako ghalani mwa nani. Tasnifu ya uzamivu kuhusu maji ya Ngarenanyuki imeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa katika maktaba ya chuo. Makala iliyotokana nayo imechapishwa katika jarida la ng'ambo, kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu aliyesoma somo jingine hawezi kukisoma bila kuchoka. Mtafiti anapandishwa cheo, kama ilivyo haki yake. Chuo kinahesabu makala moja zaidi katika taarifa yake ya mwaka. Mama aliyechotewa sampuli katika kisima chake, ambaye pengine alimwonyesha mtafiti njia na kumkaribisha kivulini, anaendelea kuchota maji palepale bila kujua kama kisima chake kilikutwa na miligramu 2 au miligramu 20. Si yeye peke yake asiyejua. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani hajui, mganga wa zahanati hajui, na mtendaji wa kata, ambaye ndiye aliyegonga muhuri barua ya kumruhusu mtafiti aingie kijijini, naye mara nyingi hajui.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu na kwamba mwanakijiji hana la kufanya na tarakimu za maabara. Hoja hiyo haina nguvu. Hebu itazamwe imani moja tu iliyoenea, kwamba maji yakichemshwa huwa salama. Kwa kuhara na kipindupindu ni kweli, na walimu na mabwana afya wamefanya kazi kubwa miaka mingi kuifikisha imani hiyo kila nyumba. Kwa floraidi ni kinyume chake. Moto hauyaondoi madini. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kilichobaki kinakuwa kikali zaidi. Mama anayemchemshia mwanawe maji kwa muda mrefu, akitii alilofundishwa kliniki, anaweza kuwa anamwongezea madhara huku akiamini anamlinda. Hilo si jambo la wataalamu peke yao.

Tena kuna magadi. Katika nyumba nyingi za Arusha maharage na makande hupikwa kwa magadi ili yaive upesi na kuokoa kuni. Watafiti waligundua zamani kwamba magadi ya eneo hili nayo hubeba floraidi, kiasi kwamba mtoto anaweza kupata meno ya kahawia hata pale ambapo maji ya kijiji si mabaya sana. Ugunduzi huo ungewekwa katika sentensi moja ya Kiswahili na kusemwa kliniki siku ya kupima uzito wa watoto, ungesaidia watoto wengi zaidi kuliko mabomba mengi. Mama mwenye mtoto wa miaka 3 angeupika mgao wa mtoto pembeni bila magadi, basi. Gharama yake ni kuni kidogo.

Mkasa wa nyanya unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa kilimo, na una sehemu ya Brazil ndani yake. Mwaka 2014 nondo mdogo ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta alithibitishwa kuingia Tanzania, katika mashamba ya nyanya ya Arumeru. Viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda, na shamba zima laweza kuangamia katika msimu mmoja. Wakulima hawakungoja jina la Kilatini. Walimwita kanitangaze, na kwa kweli hasara yake ilijitangaza yenyewe. Makala ya watafiti ya kutangaza ujio wake ilichapishwa mwaka 2016. Kati ya miaka hiyo 2 mkulima alikuwa peke yake na bomba lake la dawa mgongoni, akipiga dawa leo na kesho kutwa, akibadilisha chupa kila muuza duka alipombadilishia ushauri.

Nondo huyo asili yake ni Amerika ya Kusini, na Brazil ilikuwa imepambana naye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Viçosa, ambacho ni chuo cha umma, walichapisha ushahidi kwamba mdudu huyo alikuwa amekwisha kuzizoea baadhi ya dawa zilizokuwa zikipigwa mara kwa mara. Maana yake ni kwamba miaka 14 kabla kanitangaze hajafika Meru ilikwisha kujulikana, na kuandikwa, kwamba kupiga dawa ileile bila kupumzika ni kumfundisha mdudu kuishi nayo. Ujuzi huo haukuwa umefichwa. Ulikuwa umechapishwa. Lakini kitu kilichochapishwa katika jarida la Kiingereza, mbali na bwana shamba wa Ngarenanyuki, kwa mkulima ni sawa na kisichokuwapo.

Brazil yenyewe inafaa kutazamwa zaidi, kwa sababu ni nchi iliyotawaliwa na wageni, yenye maskini wengi, na ambayo sehemu kubwa ya utafiti wake hufanywa na vyuo vikuu vya umma. Katiba yake ya mwaka 1988, kifungu cha 207, inaviagiza vyuo vikuu kwamba kufundisha, kutafiti na kuipelekea jamii elimu hiyo ni mambo yasiyotenganishwa. Mwaka 2018 baraza la elimu la nchi hiyo liliagiza kwamba angalau sehemu moja ya kumi ya masomo ya shahada ya kwanza iwe kazi ya namna hiyo, nje ya chuo, pamoja na wananchi. Na tangu mwaka 1998 Wabrazil wana maktaba yao ya mtandao, iitwayo SciELO, iliyoanzishwa São Paulo kwa fedha za umma, ambamo majarida ya sayansi husomwa bure, mengi yakiwa kwa Kireno, na baadaye nchi nyingi za Amerika ya Kusini zikajiunga nayo. Haina maana kwamba Brazil imemaliza matatizo. Vyuo vyake navyo hulalamika kuhusu fedha na kuhusu wingi wa makala unaotukuzwa kuliko faida yake. Lakini kwao mtafiti anayeandika kwa lugha inayosomwa na mwalimu wa shule haonekani kwamba ameshuka daraja.

Tanzania haikosi mfano wake yenyewe, na mfano huo ni mkongwe kuliko ule wa Brazil. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitoa vitabu vidogo vya Kiswahili chepesi, redio ikatangaza vipindi kwa saa maalumu, na watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Yaliyofundishwa katika kampeni ile yalikuwa sayansi tupu: mbu na malaria, kichocho, minyoo, kuhara. Hayakuitwa utafiti, lakini kila sentensi yake ilitoka maabara fulani. Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi wala kompyuta wilayani. Palikuwa na mashine ya kuchapa, betri za redio na nia.

Wala lugha isifanywe kisingizio. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Istilahi zipo, na pale zinapopungua BAKITA ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kudai kazi hiyo ifanywe.

Sasa ifikiriwe kwa upande wa ofisi, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu wako ofisini. Mwaka 1974 nchi hii iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini, na floraidi ikaruhusiwa kufika miligramu 8 kwa lita. Si kwamba wataalamu hawakujua ubaya wake. Mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi maji karibu na nyumba yake ulikuwa umeanza mwaka 1971, na kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi ambavyo watu hawakuwa na badala yake. Baadaye kiwango kilishushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 kikashushwa hadi 1.5 ili kilingane na kile cha Afrika Mashariki. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini kila kiwango kinaposhuka, visima kadhaa vilivyokuwa halali jana vinakuwa na kasoro leo, ingawa maji yake hayakubadilika hata tone. Ofisa aliyekabidhi kisima cha miligramu 3 mwaka 2010 alikuwa amefuata sheria. Anayekirithi leo anarithi jambo jingine, na kama hana tarakimu mkononi hatajua hata kama analo tatizo.

Hapo ndipo woga huingia, na ni vizuri usemwe wazi. Wako watumishi ambao wangezipata tarakimu hizo wangezifungia kabatini. Wanaogopa kwamba wananchi watataharuki, watakataa kuchangia mradi wa maji, watarudi mtoni, au watauliza maswali mkutanoni mbele ya mkubwa. Woga huo una chembe ya ukweli ndani yake. Kumwambia mtu kwamba maji yake ni mabaya, kisha kumwacha hapohapo, ni ukatili. Jiji la Arusha lilipata mradi mkubwa wa maji uliogharimu Shilingi bilioni 520 hivi, na kupunguza floraidi kulikuwa miongoni mwa shabaha zake. Kijiji cha upande wa kaskazini mwa mlima hakiwezi kungoja mradi wa kiasi hicho.

Hata hivyo mwananchi mwenye taarifa ana njia nyingi kuliko asiye nayo. Visima viwili vilivyo mita mia chache kutoka kimoja hadi kingine vyaweza kutofautiana sana kwa floraidi. Kijiji kikijua kipi kina afadhali, maji ya kile kibaya yatafulia nguo na kumwagilia maua, na ya kile kingine yatatengwa kwa kunywa na kupikia watoto. Hatari kwa meno ni kubwa zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka 8 hivi, kwa hiyo hata nyumba yenye maji safi kidogo tu inajua ianze na nani. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi kabisa.

Upo pia mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulika nao kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, kisha husagwa na kuwekwa katika ndoo au pipa ambamo maji hupitishwa, na floraidi hunasa katika mfupa. Joto likipungua maji hutoka na harufu na rangi. Likizidi, mfupa hupoteza nguvu ya kunasa. Wananchi wengine husita, ama kwa kutojua ni mifupa ya mnyama gani, ama kwa kichefuchefu tu, na mashaka yao yanastahili majibu ya heshima kuliko mzaha. Lakini kasoro kubwa zaidi ya chujio hilo ni kwamba nguvu yake huisha kimyakimya. Maji hubaki maangavu na matamu vilevile, na floraidi inapita. Nyumba isiyokuwa na mtu wa kuyapima maji kila baada ya miezi kadhaa inaweza kukaa mwaka mzima ikiliamini pipa lililokwisha kufa. Kwa hiyo hata teknolojia iliyo nyepesi kuliko zote inahitaji mtu wa karibu mwenye ujuzi, na mtu huyo hatapatikana kwa makala ya ng'ambo.

Haifai kwa sababu hiyo kuyabeza majarida. Mtafiti ambaye kazi yake haijakaguliwa na wenzake wa nchi nyingine aweza kukosea, na kosa katika maji ya kunywa ni kosa baya. Makala ichapishwe, na iwe bora. Kinachopingwa ni desturi ya kuifanya makala hiyo kuwa mwisho wa safari. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Halmashauri hutoa barua za utambulisho, na ofisi ya kata hugonga muhuri. Katika milango yote hiyo mtafiti huulizwa anataka nini, na ni nadra kuulizwa atarudisha nini. Ingetosha kuongezwa sharti moja: kila tasnifu na kila mradi uliochukua sampuli katika kijiji utoe kurasa 2 za Kiswahili zenye majina ya vyanzo, tarakimu zake, maana ya tarakimu hizo na la kufanya, na karatasi hizo zifike katika ofisi ya kijiji, zahanati, shule, na kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, kabla mtafiti hajavaa joho la mahafali. Kurasa 2 si mzigo kwa mtu aliyeandika 200.

Kisha liangaliwe suala la tuzo. Katika miaka ya karibuni Wizara ya Elimu imeanza kuwazawadia fedha wahadhiri wanaochapisha katika majarida makubwa ya dunia. Ni jambo jema, kwani mwanasayansi naye ana watoto na ada za kulipa. Lakini wanadamu huelekea kule wanakotuzwa, na wahadhiri ni wanadamu. Ikiwa makala ina tuzo na alama za kupandia cheo, na kijitabu cha Kiswahili kilichosomwa na kata nzima hakina hata alama moja, hapana haja ya kushangaa kwamba makala zinaongezeka na vijitabu havionekani. Pawepo tuzo ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza, na washindi wake wapimwe huko kijijini: ni visima vingapi vilivyotengwa, ni mapipa mangapi yanayobadilishwa mkaa kwa wakati, ni mama wangapi wanaojua habari ya magadi.

Kwa walimu, kazi haihitaji kungoja sharti wala tuzo. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Hesabu hiyo darasa la tano wanaiweza. Paa la bati la mita 100 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 400 tu kwa mwaka, hupokea lita 40,000. Hata robo nzima ikipotea, na ni lazima maji ya kwanza ya mvua yaachwe yamwagike ili yasafishe vumbi la paa, zinabaki lita 30,000. Watoto 60 wa darasa la awali, kila mmoja akinywa lita 1 kwa siku 190 za masomo, wanahitaji lita 11,400. Maji ya shuleni ni sehemu tu ya ayanywayo mtoto, na tangi na mifereji ni lazima vipatikane kwanza. Lakini darasa la awali ndilo lenye watoto ambao meno yao mengi bado yanajengeka, na masika huanza mwezi Machi. Shule iliyo tayari kuandika barua Tengeru leo, ikiomba tarakimu za kisima chake kwa Kiswahili, yaweza kuwa na majibu ukutani kabla mawingu hayajatanda juu ya Meru.